Nilifungua potali ya rafiki yangu kabla ya majibu kutoka, sasa sijui nimwambie nini

Shikamoo anti,

Naomba jina langu usiliweke, na chuo chenyewe sikitaji. Nina miaka 19, nimemaliza sekondari mwaka jana, na toka mwezi wa kumi nimeomba vyuo vinane Marekani. Vyote nimeomba pamoja na msaada wa ada, yaani chuo kisipotoa hela hata nikikubaliwa siendi popote, nyumbani hawana uwezo huo. Majibu ya vingi yanatoka mwezi huu wa tatu, MIT huwa wanatoa tarehe 14, zile za Ivy League, vile vyuo vikongwe kina Harvard na Yale, mwisho mwisho wa mwezi, kwa hiyo hizi wiki ndo zinanimaliza.

Ilianza Desemba. Kuna chuo niliomba mapema, ikabaki kama wiki moja kabla ya majibu nikaingizwa kwenye grupu la waombaji, watu kama mia nne kutoka kila pembe, na humo kazi ni moja tu, kutafuta dalili za majibu kwenye potali, ule ukurasa wa kila mwombaji kwenye tovuti ya chuo. Huyu anasema kwangu orodha ya nyaraka imepotea, yule anasema nimeona linki ya mabweni, mwingine anafungua msimbo wa ukurasa anatafuta kama kuna neno hongera limejificha. Na mimi nikaiona linki ya mabweni kwangu. Anti niliamini, wiki nzima nililala na kuamka nikiwa mwanafunzi wa kile chuo. Majibu yalipotoka nimeahirishwa, sijakubaliwa sijakataliwa, nirudi kusubiri na wengine mwezi wa tatu. Kumbe ile linki ilikuwepo kwa kila mtu.

Ungedhani nimekoma. Nikazidi. Nikatengeneza jedwali, chuo gani, dalili gani, nani aliiona mwaka jana na alipata nini, mpaka watu wa grupu wakawa wananiuliza mimi. Ofisi zao zikiwa wazi huku ni usiku, basi naamka saa nane, saa tisa, narifreshi potali zote nane, naingia grupuni, narudi tena kwenye potali. Imeili ikiingia nasikia moyo mpaka masikioni. Mama anaona taa anajua nasoma.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Kuna rafiki yangu nimesoma naye miaka yote ya sekondari, nimwite R. Kati ya vyuo alivyoomba, kimoja tumeomba wote. Mwezi wa kumi na moja alinipa paswedi ya kile chuo nimsaidie kupandisha vyeti vyake kwa sababu hana kompyuta, kazi ikaisha, yeye hakubadilisha na mimi sikuifuta. R hayataki kabisa haya mambo ya dalili, anasema yakija yatakuja. Wiki mbili zilizopita nikaingia kwake bila kumwambia, nilitaka tu kulinganisha na kwangu, nikakuta mstari mpya kwenye orodha ya nyaraka, fomu ya kuthibitisha fedha kwa ajili ya viza. Kwangu haipo. Kwa jedwali langu hiyo ndo dalili kubwa kuliko zote. Nikampigia nikamwambia umepita. Alilia kwenye simu, akamwambia mama yake, mama yake akawaambia ndugu.

Halafu Jumamosi mtu akaleta njia mpya grupuni, ukishaingia kwenye potali ya hicho chuo unabadilisha tarakimu za mwisho kwenye anwani ya ukurasa, barua ya majibu inafunguka kabla ya siku yake. Wengine wakasema imekubali. Kwangu niliogopa, mkono ulikataa. Nikajiambia ngoja nijaribu kwa R, yeye si najua amepita. Ikafunguka barua, jina lake liko juu, sentensi ya kwanza inasema wanasikitika. Nilifunga sikufika mwisho. Niliporudi haifunguki tena, ukurasa mweupe tu.

Anti, R ana nafasi kwenye chuo kingine karibu na nyumbani kwao na anatakiwa athibitishe ndani ya siku kumi, ameniambia hathibitishi, ya nini wakati ameshapata. Nikimwambia nilichoona lazima niseme niliingia kwake mara mbili. Nikinyamaza atapoteza kote. Na je nimemharibia? Akaunti ni yake, wakiangalia wataona ni yeye. Na kuna kingine naona aibu hata kukiandika, pamoja na yote haya, usiku bado natamani kufungua ya kwangu.

Mimi msubiri

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kilichonishika kwenye barua yako ni pale uliposema mkono ulikataa. Kwako ulikataa, kwa R ukakubali. Sikusuti, nalisema kwa sababu naona na wewe limekukaa rohoni, ndo maana umeliandika wazi hivyo wakati ungeweza kuliruka. Mtu asiyejali asingeniambia.

Nikikuelewa vizuri unabeba mizigo mitatu na umeifunga pamoja ndo maana haibebeki. Kuna R na zile siku zake kumi, ambazo mpaka unasoma hapa zimeshapungua. Kuna kule kuingia kwenye akaunti yake na hofu kwamba umemharibia. Na kuna usiku wako. Ukiviangalia vyote kwa mkupuo utakaa unarifreshi mpaka asubuhi, ila saa zake hazifanani, cha R kina tarehe, hivi vingine vinaweza kusubiri kidogo.

Kabla ya kwenda kwa R nataka nikuulize, unajua nini hasa? Maana naona wiki mbili zilizopita uliona fomu ukasema amepita, Jumamosi umeona barua unasema amekataliwa, na mara zote mbili umekuwa na uhakika uleule. Hivi viwili haviwezi kuwa kweli kwa pamoja, na mimi kwa uzoefu wangu wa kukaa na vijana wanaosubiri majibu nakwambia inawezekana kabisa vyote viwili havisemi kitu. Ile fomu ya fedha, vyuo vingine vinaiomba kwa waombaji wa nje mapema kabisa, vingine baada ya kukukubali, na kwa mwingine inatokea leo kwa mwingine kesho kutegemea nani kashughulikia faili lake. Na mambo ya hela kwa mwombaji wa nje ndo hubadilika mpaka dakika za mwisho, kwa sababu vyuo vya kule ambavyo haviangalii kabisa uwezo wako vikimchagua mwanafunzi wa kigeni ni vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na vingine vya kuhesabika, vilivyobaki vinapiga hesabu ya mfuko wao na majina yanapanda na kushuka. Na hiyo barua inaweza ikawa ndiyo yenyewe, sitakudanganya, lakini pia inaweza ikawa barua ya mfano ambayo mfumo unaijaza jina la yeyote aliyeingia wakati wao bado wanaipanga. Wewe uliyeifunga kabla ya mwisho huwezi kujua, na mimi siwezi kujua.

Hii njia ya kubadilisha anwani sio mpya, ina historia na nadhani itakusaidia. Machi 2005 mtu asiyejulikana aliweka mtandaoni maelekezo karibu sawa na hayo ya grupu lenu, ya kuchungulia majibu ya shule za biashara zilizokuwa zinatumia mfumo mmoja wa maombi ulioitwa ApplyYourself. Ilikaa wazi masaa tu kabla haijazibwa. Waliojaribu wengi walikuta ukurasa mtupu, kama wewe ulivyokuta mara ya pili, wengine wakakuta barua ya kukataliwa. Halafu shule zikaangalia kumbukumbu za mfumo zikaona ni akaunti zipi ziliingia. Harvard Business School ikawakataa wote 119, MIT Sloan ikawakataa 32. Stanford walikuwa 41, wakaambiwa wajieleze kwanza, mwisho hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi. Tuck ya Dartmouth wao walisema kosa hilo peke yake halitoshi kumkataa mtu, wakalipima pamoja na mengine yote kwenye maombi. Unaona kosa ni lilelile ila kila mlango ulijibu tofauti, kwa hiyo ukiniuliza umemharibia R nitakwambia sijui, na atakayekwambia hakuna shida, au akakwambia kwisha habari yake, naye anabahatisha.

Na mwanangu hata barua rasmi zenyewe hukosea. Mwaka 2009 chuo cha California kule San Diego kilituma imeili ya kuwakaribisha waombaji wake wote, zaidi ya 46,000, pamoja na wale waliokuwa wameshakataliwa, wakarudi kuomba radhi siku hiyohiyo. Johns Hopkins Desemba 2014 walituma ujumbe wa hongera kwa waombaji 294 ambao walikuwa wamekataliwa au kuahirishwa. Hao ni wenye chuo, na ujumbe waliutuma wao. Sasa linki ya mabweni ina uzito gani? Chuo kikitaka kukupa fununu mapema kina njia yake, hivyo vya Ivy League huwa vinawaandikia baadhi ya waombaji barua ya kuwaambia tunatarajia kukukubali wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, na inakuja kwa jina lako, huendi kuichimba saa tisa usiku.

Nimelikalia hili kwa sababu linabadilisha unachotakiwa kumwambia R. Wewe unaona una habari mbaya ya kumpelekea. Jiulize vizuri, je ni habari hiyo, au ni kwamba ile habari njema uliyompa mwanzo haikuwa habari? Hayo ni mazungumzo mawili tofauti.

Njia ya kunyamaza naielewa. Unaweza kujipa moyo kwamba barua ilikuwa ya mfano, atapata, na wewe hutakuwa umemuumiza bure wala hutapoteza rafiki. Lakini ukinyamaza ile hongera yako inaendelea kufanya kazi peke yake, ndo inayomwambia asithibitishe kule, na siku kumi zikiisha hata ukija kusema yote hazirudi. Hapo mimi nashindwa kupita kimyakimya, sikuamulii, ila nashindwa.

Kuna njia ya katikati ambayo najua umeshaifikiria, umwambie tu bwana zile dalili zangu usizitegemee, mimi mwenyewe Desemba zilinidanganya, thibitisha kule mpaka majibu rasmi yatoke. Hujataja barua, hujataja kuingia. Ni kweli tupu, na inaweza kumwokolea ile nafasi. Hatari yake ni kwamba R anakuamini, atakuuliza mbona juzi ulikuwa na uhakika, na hapo itabidi udanganye au useme, na ukisema baada ya kubanwa haifanani na kusema mwenyewe. Pia kama chuo kitamwandikia kumuuliza kuhusu akaunti yake, atakuwa ndiye mtu pekee asiyejua kilichotokea ndani yake.

Na kuna kumwambia yote. Kwamba nilibaki na paswedi yako, niliingia siku fulani nikaona fomu, nikaingia tena Jumamosi nikafanya hiki, nikaona ukurasa unaosema hivi na sijui kama ni wa kweli. Anaweza kukasirika sana. Anaweza kukaa wiki bila kupokea simu yako, na ana haki, wala usimharakishe. Ukichagua hii nakuomba usianze na barua, anza na ile nafasi ya karibu na nyumbani na tarehe yake, kwa sababu mtu akishasikia neno wanasikitika hasikii tena kinachofuata. Aulize pia kama kuthibitisha kunamfunga au kuna hela isiyorudi, maana vyuo vingi vya Marekani vinampa aliyekubaliwa mpaka Mei 1 kujibu, na vyuo vingine vinakubali ujitoe baadaye na vingine havikubali, hilo ni la kuangalia na wazazi wake kwenye karatasi yenyewe. Na mama yake usimsahau. Aliwatangazia ndugu kwa neno lako. R anaweza kutaka umwambie yeye mwenyewe mama yake, au anaweza kutaka usiguse kabisa, muulize.

Sasa akaunti. Unasema alikupa paswedi, na ni kweli, alikupa upandishe vyeti. Mwaka 2002 ofisi ya udahili ya Princeton iliingia kwenye tovuti ya Yale kwa kutumia taarifa za waombaji ambao walikuwa wameomba vyuo vyote viwili, walizoziandika wenyewe kwenye fomu zao za Princeton. Walikuwa nazo kihalali, tatizo likawa zilitolewa kwa kazi moja zikatumika kwa nyingine, na afisa mmoja mkubwa wa udahili akaondolewa kwenye nafasi yake. Nakupa mfano huu ili usijihukumu kama mwizi, na pia usijifiche nyuma ya alinipa mwenyewe. Leo hii futa hiyo paswedi na umwambie abadilishe, hili halihitaji ushauri wa mtu.

Kukiandikia chuo je? Wapo watakaokwambia andika haraka useme ni mimi, umtoe R kwenye lawama. Ina uzuri wake, ukweli uliotangulia husikilizwa tofauti na ule uliochimbuliwa. Lakini fikiria, akaunti ni ya R na maombi ni ya R, ukiandika bila yeye kujua unakuwa umeingia kwake mara ya tatu. Na wewe pia umeomba hapohapo, unaweza ukalipa kwa maombi yako. Akisema tuandike, muandike pamoja, mfupi, tarehe na kilichofanyika, bila kusimulia maisha. Akisema tusiandike, utakuwa umembebesha uamuzi mgumu kwa kosa lisilo lake, na hapo unaweza kumwambia kwamba ukiulizwa utasema ni wewe. Ikiwa pale shuleni kwenu kuna mwalimu aliyewaandikia barua za mapendekezo, mwende mkae naye, yeye anaweza kuongea na ofisi ya chuo kwa lugha ambayo ninyi hamna.

Nije kwenye usiku wako, ile uliyosema unaona aibu. Watafiti wa University College London mwaka 2016 waliwaweka watu kwenye mchezo wa kompyuta wa kukisia chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna, akiwepo unapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Waliopata presha zaidi sio waliojua kwa hakika watapigwa, ni wale waliokuwa nusu kwa nusu. Kwa hiyo unapotamani kufungua hata kama ni kukataliwa, hujachanganyikiwa, mwili unataka kutoka kwenye nusu kwa nusu. Swali ni kama kurifreshi kunakutoa. Desemba uliona linki ukapata utulivu wa wiki moja, ukaulipia vipi? Na kila dalili mpya inakurudisha palepale kwenye jiwe.

Unaweza kuniambia, nikijua mapema anti nitakuwa nimejiandaa. Kate Sweeny, mwanasaikolojia wa chuo cha California kule Riverside, yeye na wenzake waliwafuatilia wahitimu wa sheria waliokuwa wanasubiri matokeo ya mtihani wa uwakili wa California, miezi minne ya kusubiri. Mbinu walizotumia kujipoza hazikuwapunguzia sana wasiwasi. Ila waliohangaika kwenye kusubiri ndo walioyapokea matokeo vizuri zaidi, yawe mabaya yawe mazuri. Mimi hilo lilinipa faraja na nataka likupe na wewe, huna deni la kuwa mtulivu mwezi huu. Ukiogopa ogopa, ni maisha yako unayoyasubiri na nyumbani hela hakuna, nani asingeogopa.

Kuhusu kufungua ya kwako, umeshayasoma ya 2005, siyarudii. Unaweza kutoka kwenye grupu, ingawa najua humo ndo kuna watu pekee wanaoelewa unachopitia na ukitoka nyumba itakuwa kimya sana. Unaweza kubaki lakini jedwali ukalifuta, ukawaambia wenzako kwa nini, maana wapo wanaokufuata wewe na leo usiku kuna mtu anabadilisha zile tarakimu kwa sababu aliona watu wanaoaminika hawakukataza. Unaweza kumwomba mama akae na simu yako usiku, japo hapo utalazimika kumwambia taa ile haikuwa ya kusoma. Nadhani mama angependa kujua. Amekuwa anasubiri na yeye, peke yake, upande wa pili wa ukuta.

Majibu ya vyuo vinane yatakuja tarehe zake hata ukiwa umelala. Mimi ninalolisubiri kwako ni lingine, R ameamuaje kuhusu ile nafasi ya karibu na nyumbani. Niandikie hilo kwanza.